Mtihani wa Kusema

Lesikar alikuwa amesimama kwenye varanda ya boma tangu umande haujakauka, magoti yake meupe kwa chokaa. Wanafunzi wa shule ya serikali walibeba chokaa asubuhi na kujifunza Kijerumani mchana. Aliyekosea maneno alirudishwa kwenye chokaa. Lesikar hakuwa mtoto. Alikuwa na ndevu, na wenzake darasani walimwita mzee kwa dhihaka.

Aliingia shule kwa sababu ya kesi moja. Mlowezi wa Kijerumani alizungushia seng'enge sehemu kubwa ya shamba la mama yake kule Lemara, na Nanyori, mjane, akaja bomani kushtaki. Sumari, mkalimani, alimsikiliza kwa Kimaa mpaka akamaliza, kisha akamgeukia Bwana Shauri, mzungu aliyeamua kesi zote za wilaya, akatamka maneno mawili matatu. Bwana akacheka. Nanyori akatolewa nje. Baadaye ilijulikana kwamba Sumari alimweleza Bwana kuwa bibi amekuja kuomba chumvi, na ikajulikana pia kuwa nyama iliyoliwa nyumbani kwa Sumari wiki ile ilitoka kwa mlowezi.

"Maneno yangu yameliwa njiani," Nanyori alimwambia mwanawe. "Nenda ukaichukue lugha yao, uje unisemee."

Akaenda. Huko akaambiwa mwenyeji hasemi Kijerumani barazani mpaka afaulu mtihani wa kusema. Mtahini alikuwa Bwana Shauri huyo huyo.

Sasa aliitwa ndani. Bwana alikuwa akila yai la kuchemsha. Mwalimu Abasi, aliyeletwa kutoka Tanga kufundisha, alisimama ukutani, mikono nyuma, kama aliyekamatwa.

"Nieleze jambo lililotokea kwenu," Bwana alisema. "Sentensi nzima."

Lesikar alikuwa akilala na sentensi hiyo na kuamka nayo. Akaitoa kwa Kijerumani, polepole:

"Mlowezi amejenga ua katika shamba la mama yangu."

Bwana aliweka kijiko chini. Kwa kitambo kidogo Lesikar alidhani amesikiwa.

"Umekosea. Neno la kujenga linakwenda mwisho. Rudia."

Akarudia.

"Shamba umelifanya dume. Kwa lugha yetu shamba si dume wala jike. Rudia."

Akarudia, na kurudia, hadi ua ukasimama sawasawa ndani ya sentensi, na shamba likapoteza udume wake.

"Kwa nini amejenga?"

"Kwa sababu anataka kupanda kahawa."

"Na mama yako?"

"Amebakiwa na migomba michache. Anakula kwa majirani."

"Kwa majirani. Safi. Wengi hapo huteleza." Bwana alimgeukia Abasi. "Huyu anasema vizuri kuliko yule mlevi Sumari."

"Ndiyo, Bwana."

"Sumari aende zake. Wewe umefaulu. Kuanzia kesho ndiwe mkalimani."

Lesikar hakuondoka. "Bwana, na shamba?"

"Shamba gani?"

"La mama yangu. Nililolieleza sasa hivi."

"Lile lilikuwa zoezi." Bwana alifuta kiini cha yai kwenye masharubu. "Kesho utafuatana na mlowezi na askari kwenda Lemara. Watu waliobaki kandokando ya ua waondoke kabla ya mvua. Utawaambia."

"Bwana, kule ni kwetu."

"Vizuri. Watakuelewa upesi."

"Na nisipoweza?"

Bwana alikwisha kuchukua yai jingine. "Mweleze," alimwambia Abasi.

Abasi alimweleza nje, kwa sauti ya chini. "Ukikataa ni viboko ishirini na tano, halafu chokaa. Na mama yako ataondoka vile vile, ila ataelezwa kwa kitako cha bunduki. Umeniheshimisha leo, Lesikar. Usiniharibie."

Asubuhi ya pili walishuka Lemara. Lesikar alivalishwa shati la kaki la Sumari, lililombana makwapani. Nanyori alikuwa ameinama kwenye migomba yake akipalilia. Alinyanyuka, akamtazama mlowezi, akawatazama askari, kisha shati.

"Takwenya, yeyo," Lesikar alimwamkia mama yake.

Nanyori alipangusa udongo mikononi.

Mlowezi akasema yake. Lesikar akayageuza kwa Kimaa, moja kwa moja, bila kuongeza wala kupunguza: ardhi hii ni ya bwana huyu; ondoka leo; chukua vyombo vyako. Hakuna neno lililopotea njiani.

Nanyori alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia askari mmoja, Msukuma asiyejua hata neno moja la Kimaa, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Huyu mutu nasema nini? Mimi hapana sikia lugha yake. Leta mukalimani."

Askari alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Bibi anasema nini?" mlowezi aliuliza.

"Anaomba mkalimani," Lesikar alijibu kwa Kijerumani.

"Si wewe hapo?"

Nanyori alikwisha kuinama tena. Aling'oa magugu karibu na shina, akayakung'uta udongo, akayaweka kando, akahamia shina la pili. Upande wa chini wa shamba askari walikuwa wameanza na mapanga, na migomba ililala mmoja baada ya mwingine, ikitoa maji.