Gari Lililopauka Visigino

Dereva huyo walimwita Breki, na wala si kwa uoga. Walimwita hivyo kwa sababu miaka ishirini na miwili barabarani hakuwahi kugonga hata kuku. Gari lake dogo la bluu lilikuwa na injini ya kunong'ona, viti vilivyoshonwa upya na mikanda inayofunga yote. Ila ukilitazama kwa nje, masikini! Bampa, vioo vya pembeni na yale matao ya juu ya magurudumu, kila kilichokuwa plastiki nyeusi kilikuwa kimepigwa na jua mpaka kikapauka kama visigino vya mtu asiyejua mafuta.

Na visigino hivyo ndivyo vilivyomponza. Zahanati moja ilitaka gari la kuwapeleka wazee hospitali kubwa kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Breki akapeleka lake. Matroni wa zahanati hakufungua hata mlango. Alilizunguka mara moja, akasema kwa adabu kwamba wazee wake ni wagonjwa, na asingependa wapande gari ambalo nalo linaonekana linaumwa. Kwa huruma akampa nafasi ya pili: Ijumaa, saa nne asubuhi. Breki alijua kwamba hiyo ikimpita, gari litauzwa. Kijiweni alikoegesha teksi yake, siku hizi wateja wanaita magari kwa simu, na simu hizo hazikuwa zikimwita yeye.

Jumatano mke wake alitafuta mafuta ya kupikia jikoni asiyaone. Akayakuta uani, chupa imebaki robo, mumewe amechuchumaa mbele ya bampa anasugua kwa soksi. Gari lilikuwa linang'aa kama bibi harusi. Mke alilitazama, akatazama chupa, akasema neno moja tu, kwamba gari lipelekwe kwa dada.

Breki akaguna. Dada huyo, mkubwa wa mke wake, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kurudisha weusi wa plastiki za magari. Watu walimwita Fundi Taratibu. Breki yeye, kwa utani wa mashemeji, alikuwa amemwita yaya wa magari miaka yote, eti anayaogesha na kuyapaka mafuta, bado kuyabembeleza tu. Sasa yaya ndiye aliyetakiwa.

Alhamisi asubuhi akafika. Fundi Taratibu alifanyia kazi nyuma ya ghala moja refu, penye ukuta unaotupa kivuli kipana. Alikuwa mama mfupi mwenye aproni ya mifuko miwili, wa kulia vitambaa safi, wa kushoto vichafu. Kitambaa kikianguka chini hakirudi kwenye gari siku hiyo, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuchora rangi ya mtu. Alilitazama gari. Njiani vumbi lilikuwa limenasa kwenye mafuta, bampa zima limevaa unga.

"Shemeji," akasema, "hili umelipika au umelikaanga?"

Breki alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akaeleza kwamba kazi kubwa ameshaifanya, kwa hiyo yeye amalizie tu. Fundi akachukua karatasi nyeupe, akaikandamiza kwenye bampa, akaibandua. Karatasi ilitoka ya kahawia, imelowa mafuta.

"Hii ndiyo kazi yako kubwa. Mvua ya kwanza inaondoka nayo."

Akaanza kuosha. Aliosha kwa sabuni, akasuuza, akaosha tena, na mara ya tatu akashika mswaki mkuukuu, kwa maana plastiki ina vinyweleo kama ngozi, na mafuta yalikuwa yameingia ndani ya kila kimoja. Kisha akalipangusa kwa spiriti. Na kadiri lilivyokauka ndivyo lilivyozidi kuwa jeupe, jeupe kuliko lilivyokuja, mpaka Breki akashika kichwa. Aliona kesho imeshaharibika. Fundi yeye alikuwa anatabasamu. Alimwambia kwamba sasa gari limesema ukweli, na ukweli huo ndio aliokuwa akiungoja tangu asubuhi.

Jambo ambalo Breki hakulitegemea ni kusukuma. Fundi hakubali jua liguse kazi yake. Dawa ya kurudisha weusi ikikaukia juani kabla haijafutwa inaacha michirizi, na michirizi ile haina msamaha. Kwa hiyo kivuli cha ukuta kilipohama, gari nalo lilihama. Breki aliachia handibreki, akashika usukani kwa mkono mmoja na kusukuma kwa bega, hatua mbili, wakasimama. Walihama mara tano siku ile. Kila baada ya kuhama, fundi aliweka mgongo wa kiganja chake juu ya plastiki, kama mama anayepima homa ya mtoto, akatulia, kisha akasema bado, au akasema haya.

Kwanza alibandika utepe wa karatasi kwenye mipaka ya rangi ya bluu. Halafu akajaribu dawa chini ya bampa, pale pasipofika jicho, akangoja aone kama plastiki imeikubali. Ndipo akaingia kazini. Matone manne juu ya sponji, hayazidi. Eneo la ukubwa wa sinia, halizidi. Anapaka, anahesabu kimya kimya, anafuta kwa kitambaa cha pili, anainama kutazama kwa ubavu kama kuna palipobaki. Kisha sinia jingine.

Breki alikuwa amejiandaa kutania mchana kutwa, lakini utani ulimwishia mdomoni. Weusi ulikuwa unarudi. Haukuwa ule wa mafuta unaolowa na kumetameta. Ulikuwa weusi uliotulia, kama wa nywele zilizooshwa zikakauka vizuri. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yeye siku ile aliona vikiundwa. Akamwona shemeji yake amejikunja anafuta chini ya kioo cha pembeni, mahali ambapo hata mwenye gari hajawahi kupatazama. Akamuuliza wa nini usumbufu ule.

"Maji hayaangalii panapoonekana, shemeji. Yanaingia popote."

Mkono wa pili wa dawa ulikwisha alasiri. Fundi akampa sharti moja: gari lisiguswe na maji mpaka kesho jioni. Alimfanya alirudie sharti hilo mara tatu, na Breki alilirudia kama mtoto wa shule.

Lakini mazoea yana taabu. Kwa miaka ishirini na miwili Breki alikuwa akiamka, anajaza ndoo, analimwagia gari maji kuanzia gurudumu la nyuma kushoto, ndipo ananawa uso. Ijumaa alfajiri mikono yake iliamka kabla ya kichwa. Ndoo ilipokwisha kumwagwa ndipo akakumbuka. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya tao la nyuma, na yalipokauka yaliacha mabaka meupe kama mapunye.

Akasimama na ndoo tupu. Pale dirishani ilikuwepo ile chupa yenye robo ya mafuta. Tone moja tu, na mabaka yangezama. Aliitazama, akaona kama nayo inamtazama. Kisha akawasha gari.

Njiani alitunga uongo wa aina tatu. Kulikuwa na wa mvua, wa jirani na wa bomba lililopasuka. Alipofika na kumwona shemeji yake anafunga aproni, wote ukapotea.

"Nimelimwagia maji, shemeji. Kwa mikono yangu hii."

Fundi hakucheka wala hakulaumu. Aliuliza kama ilikuwa ndoo moja au mbili. Alifuta lile tao kwa spiriti, akaketi kando yake, akangoja. Breki alitazama saa. Fundi yeye alikuwa anapima kwa mgongo wa kiganja. Lilipokauka kweli, akapaka mkono mmoja mwembamba. Wa pili haukuwa na muda. Akasema tao hilo litabaki limepauka kidogo kuliko wenzake, asilifiche, na huko aendako aegeshe kivulini.

Kwenye zahanati kulikuwa na magari mengine matatu yaliyokuja kuwania kazi ile, yote yanang'aa kama yametoka kikaangoni. Matroni alivaa glovu nyeupe. Alipitisha kidole kwenye bampa la kwanza, kikatoka na mafuta. La pili, vivyo hivyo. La tatu pia, akabadilisha glovu. Kwenye la Breki alipitisha kidole, akakitazama, akapitisha tena. Kilikuwa cheupe vilevile. Akazunguka mpaka nyuma kushoto, akasimama.

"Na hapa je?"

Breki hakulificha. Akamweleza yote, tangu chupa ya jikoni mpaka ndoo ya alfajiri.

"Unaliosha kila siku?"

"Kila siku, mama. Hata siku niliyokatazwa."

Matroni akacheka mpaka miwani ikateleza. Halafu akafungua mlango. Aliketi kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Akasema Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, na wazee hawapendi kucheleweshwa. Akauliza ni nani aliyelipaka rangi.

"Halijapakwa rangi. Ni shemeji yangu, ni fundi," Breki akajibu, na kwa mara ya kwanza alimtaja bila utani.

Mchana ule akarudi kule ghalani kwa ajili ya mkono wa pili wa lile tao. Hakungoja kuambiwa. Alisukuma gari mpaka ndani ya kivuli, akavuta handibreki, akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya plastiki, akatulia.

"Linasemaje?" fundi akauliza.

"Lina joto bado. Tungoje."

Fundi akamsogezea kigoda. "Basi kaa, yaya mwenzangu."