Kona Isiyotakiwa Taa

Migomba ya nyuma ya nyumba ilipokatwa, Recho aliwapikia chai wakataji. Akawaongezea na viazi vitamu, na walipomaliza akawashukuru kwa kazi nzuri. Mpita njia wa siku ile angesema mama huyu ana raha zake: nyumba mpya ya bati la rangi, ukuta, geti la chuma, na mume anayesafisha uwanja mzima ili amtengenezee bustani. Watu wa Mpemba, hapa barabarani jirani na Tunduma, hawana muda wa kuchungulia zaidi ya hapo. Malori yanayopanga foleni kwenda mpakani yanawatosha kutazama.

Lakini mahali fulani katika migomba ile alizikwa mtoto wake wa kwanza, na Recho hakujua ni wapi.

Si kwamba alisahau. Hakuonyeshwa. Kwa akina Gibson, mumewe, mtoto aliyefariki kabla kitovu hakijadondoka hawekewi matanga wala msalaba. Wanawake wazee humzika wenyewe alfajiri, karibu na nyumba, udongo ukasawazishwa, na mama mzazi haonyeshwi mahali, eti moyo wake usije ukafunga na tumbo nalo likafuata. Wanaume hawasogei kabisa. Siku ile Recho alikuwa amelala ndani, kwenye nyumba ya zamani ya matofali mabichi, maziwa yamemjaa kifuani. Mama mkwe wake, bibi Ferista, akaingia akijifuta mikono, akamwambia wamemaliza, anywe uji. Recho akanywa uji. Ukitaka kusema kweli, bado anaunywa mpaka leo.

Baadaye alizaliwa Tumpe, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Watu wakaanza kumwita Recho Mama Tumpe. Jina la mama hutoka kwa mtoto wa kwanza, kila mtu anajua hilo, kwa hiyo kila alipoitwa kuna mtu alirukwa. Hata hilo halikumuuma. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini Recho mwenyewe alidhani kapoa, maana alibonyeza pale asisikie kitu. Alipanga siku moja angemuuliza bibi Ferista, siku ambayo maneno yangepatikana. Hayakupatikana. Mwaka jana bibi Ferista akafariki, na siri ya mtungi ikaenda na kata yake.

Sasa yalikuwa yanakuja mawe ya pevingi, na chini ya pevingi mifereji ya nyaya za taa. Mafundi wangechimba popote ramani ilipowaambia. Kama kulikuwa na mahali pa kujua, ilikuwa sasa, kabla uwanja haujafunikwa wote. Recho alilijua hilo kila asubuhi alipofagia, na akaendelea kufagia.

Wazo la taa lilikuwa la Gibson. Alianza na kununua kahawa za watu, akapata lori moja, likazaa la pili, na katika safari zake za Lusaka akaona nyumba zinazong'aa usiku mpaka kwenye miti. Akataka na yeye. Alitaka dereva anayetoka Dar es Salaam akiwa amechoka, bado hajaufikia mpaka, ajue kwamba pale anaishi Gibson. Ndivyo wanaume walivyo: akishamaliza kuijenga nyumba anataka iongee.

Aliletewa Ikram, binti wa mzee Zahoro mwenye duka la taa mjini Tunduma. Gibson alitarajia fundi mwenye ngazi begani. Akaja msichana wa hijabu ya bluu, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, ambaye jambo la kwanza alilouliza halikuwa taa. Aliuliza giza. Alisema nyumba ikimulikwa kila upande inakuwa sheli, gari zitaingia kuuliza mafuta. Lazima kwanza waamue nini kionekane na nini kiachwe kilale. Ukuta wa mbele umulikwe kutoka chini, mawe yake yapate vivuli. Mparachichi upewe taa moja tu, karibu na shina. Njia ya kutoka getini iwe na taa fupi za magotini, zisimpige mgeni machoni.

Gibson alikubali yote kwa sababu hakuyaelewa. Recho alikubali yote kwa sababu kwake yalikuwa yaleyale. Mwanga wa manjano au mweupe? Sawa. Swichi moja au mbili? Sawa. Ikram alimtazama kidogo, kama mpishi anayemtazama mgeni asiyesema chakula kina chumvi au hakina, akaandika anavyoona mwenyewe.

Ugomvi ulikuja kwenye kona moja, kati ya ukuta wa uzio na ile nyumba ya zamani, ambayo siku hizi ni stoo ya mahindi. Ikram alitaka taa pale. Bila hiyo, alisema, ukikaa barazani jicho linazunguka bustani yote halafu linatumbukia shimoni. Gibson akasema pale hapana taa. Mara ya kwanza alisema taa itavuta wadudu kwenye mahindi. Mara ya pili alisema itawaonyesha wezi mlango wa stoo. Mara ya tatu akasema bomba la maji linapita hapo, na Recho, aliyekuwepo bomba hilo likiwekwa, alijua linapita upande mwingine kabisa. Hata mawe ya pevingi Gibson aliamuru yakomee kabla ya kona ile. Mtu mwenye sababu moja ya kweli haleti sababu tatu, lakini Recho hakujisumbua kumhoji. Alizima jiko akaenda kanisani kwenye kwaya.

Kabla ya kuchimba, Ikram alikuwa na desturi yake. Anakuja jua linapozama na mfuko wa tochi, kila tochi ameifunga karatasi ya njano, anaziegemeza kwenye mawe pale taa zitakapokaa, halafu anarudi barazani kutazama. Anasema ramani inadanganya, ukuta haudanganyi. Jioni hiyo mafundi walikuwa wameshaondoka na Gibson alikuwa bado kwa malori yake, kwa hiyo akamwomba Recho, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kwaya, amsaidie kushika tochi.

Recho akashika. Wakamaliza ukuta, wakamaliza mparachichi, na kweli ulipendeza, matawi yote yakaonekana kwa chini kama mtu aliyeinua mikono. Kisha Ikram akamwomba, kwa adabu, ajaribu na ile kona, ili bosi akirudi ajionee kwa macho yake. Recho akaenda. Akasimama kwenye udongo mtupu uliobaki bila mawe, akaelekeza tochi juu. Mwanga ukapanda kwenye matofali ya nyumba ya zamani, ukafika dirishani.

"Kushoto kidogo, mama," Ikram akasema kutoka barazani.

Recho akasogea kushoto kidogo.

Gibson alikuwa ameingia getini na kusimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama Tumpe, toka hapo."

Kwa miaka yote Recho angejibu sawa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sijui ni uchovu wa siku, au ni kuona mumewe ameshika kofia mkononi kama mtu aliye mbele ya jeneza, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Kwa nini?"

"Toka tu."

"Kwa nini, Gibson?"

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Tumpe azaliwe. Gibson akatazama miguu ya mkewe.

"Umemkanyaga," akasema.

Recho akaruka pembeni, kisha akaganda na mguu mmoja juu, hajui auweke wapi.

Yaliyobaki Gibson aliyasema palepale, kwa vipande. Ulikuwa wakati wa kiangazi na ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Wanawake walipiga jembe likadunda. Mama yake akaja kumwamsha jikoni, ingawa hakuwa amelala, akamwambia achimbe haraka na asiseme kwa mtu maisha yake yote, kwa sababu mwanamume akijulikana amechimba, tumbo la mkewe halishiki tena. Akachimba, akamlaza yeye mwenyewe, akasawazisha. Kisha Tumpe akaja, na Gibson akaamini kimya chake ndicho kilichomleta, akaogopa kukivunja. Hata wakataji migomba aliwasimamia yeye, wasiguse hapa.

Recho alisikia kitu kikimpanda, na kwanza hakukitambua, ilikuwa zamani mno. Ilikuwa hasira. Ilimpa joto mpaka masikioni.

"Miaka yote hii umekuwa ukijua. Mimi nafagia hapa, wewe unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama," Gibson akasema.

Ikram alikuwa ameshuka barazani. Alipofika karibu akanyoosha mkono achukue tochi aizime, awaachie wenyewe jambo lao. Recho akaukwepesha mkono.

"Iache."

Akaiegemeza kwenye tofali, taratibu. Kulikuwa na swali moja tu lililobaki, na alishangaa kukuta lilikuwa limekaa tayari, limepangwa maneno yake yote.

"Kichwa kiko upande gani?"

"Upande wa dirisha lako."

Recho akalitazama dirisha la nyumba ya zamani. Nyuma yake ndipo kitanda kilipokuwa. Alilala pale maziwa yakimlowesha nguo, hajui mtoto ameelekezwa kwake. Akakaa chini na nguo zake za kwaya, akalia. Hakulia kwa kitambaa mdomoni. Alilia kilio cha msiba, kile kinachopita ukuta na geti na kuwaita watu.

Na watu wakaja. Kwanza Mama Jenista wa nyumba ya jirani, mikono ina unga, kisha wengine wawili watatu, wakikimbia na kujifunga vitenge njiani. Wakauliza nani amefariki.

Gibson ndiye aliyewajibu.

"Binti yetu," akasema. "Wa kwanza. Hatukumlilia."

Mama Jenista akamtazama, akamtazama Recho aliye chini. Hakuuliza lini. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika pembeni mwa udongo ule, akakaa. Wenzake nao wakatandika, wakakaa.