Ukungu Katika Bonde la Eckart

Gerlinde alijikunja, akapita chini ya meza kwa magoti yasiyotaka kupita, akaibuka kwenye tundu katikati ya bonde kama kiboko anayetoka majini. Pande zote palikuwa na milima ya plasta, reli nyembamba kama uzi wa kufumia, na kijiji ambacho paa la kanisa lake lilimfikia kitovuni.

Mashine ya kufyonza vumbi aliivisha soksi yake ya nailoni mdomoni, vumbi lipite, watu wabaki. Alipoivua alikuta amemnasa mchungaji wa kanisa akiwa amekumbatiana na ng'ombe. Akawatenganisha bila kuuliza maswali.

Kazi hii haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, Eckart, aliyeijenga reli hiyo ya mfano kwenye chumba cha chini ya nyumba tangu meno yake yakiwa yake. Lakini tangu alipopasuliwa moyo, Eckart alikuwa akishinda jikoni na nguo za kulalia, ndevu hazijanyolewa, akimtazama mkewe anavyomenya viazi.

"Unamenya nene," alikuwa akisema.

"Shuka chini kwa treni zako, mzee."

"Nimechoka na treni. Jumapili Lothar anakuja. Akiona kosa moja tu, naleta msumeno, nakatakata yote. Utapata pa kuanikia nguo."

Hapo ndipo Gerlinde alipoogopa. Mtu asiye na cha kumtoa kitandani hatoki kitandani. Na akitoka, anakuja jikoni.

Lothar huyo alikuwa rafiki wa Eckart, mmoja wa wale ambao wapenzi wa treni ndogo huwaita wahesabu ribiti, zile pini za kuungia mabati: ukimwonyesha behewa refu kama kidole, anatoa lenzi mfukoni na kuhesabu ribiti zake. Kila Advent, majuma ya kungoja Krismasi, alikuja kunywa kahawa, akala keki, akashuka chini kutafuta makosa. Na mwaka huu kosa lilikuwa wazi: shamba la bondeni lilikuwa plasta tupu, jeupe kama upara.

Basi Gerlinde akalitengeneza shamba mwenyewe. Udongo wa mashamba hayo hutengenezwa kwa machicha ya kahawa, yakaushwe ndani ya oveni mpaka yalie kama mchanga, yachekechwe, yamwagwe juu ya gundi. Ila oveni wiki ile ilikuwa imejaa keki za Advent. Akayaanika kwenye hita ya ukutani, akayagusa, akayaona yamekauka. Akayamwaga. Shamba likapendeza, akapanda kulala mgongo ukimwaka.

Hakushuka tena mpaka Jumapili asubuhi. Shamba zima lilikuwa limeota manyoya meupe.

"Mungu wangu," alisema Gerlinde, akaketi kwenye ngazi. Hakuwa na nguvu hata ya kulia. Akawasha ubani wa msonobari ili kuzima harufu, akapanda kukata keki.

Lothar alifika na tai yake, akala vipande vyake, akampangusa Eckart makombo ndevuni. "Twende chini, wewe mgonjwa wa uongo."

"Nenda peke yako."

"Ukiogopa sema."

Eckart akashuka na nguo zile zile za kulalia, Gerlinde nyuma yake kama anayesindikiza jeneza. Lothar akatoa lenzi. Akapita stesheni, akapita daraja, akafika shambani. Akainama.

"Shemeji, hiki nini?"

Gerlinde alikuwa amechoka mno kutunga uongo.

"Ni ukungu tu, shemeji."

"Ukungu!" Lothar akanyanyuka, macho yanang'aa. "Ukungu wa asubuhi ya mwezi wa kumi, umelala chini kabla jua halijaupiga! Eckart, mwanaharamu we, miaka yote nahangaika na pamba, ukungu wangu unafanana na mto wa kulalia uliopasuka. Umetumia nini?"

Eckart aliinama, akanusa. Akamtazama mkewe. Mabega yakaanza kumtikisika, na Gerlinde akadhani moyo umesimama.

"Siri ya nyumba," alisema Eckart kwa shida. "Muulize shemeji yako."

Lothar alipoondoka, bado akisihi mlangoni, Eckart alikuwa amekaa kwenye ngazi anapangusa machozi ya kicheko.

"Umeyakausha wapi, bibi wee?"

"Kwenye hita."

"Hita! Si oveni!"

"Oveni ilikuwa na keki zako. Umekula, hukuuliza."

Eckart akaacha kucheka. "Niletee msumeno."

Gerlinde alisimama pale pale.

"Mbona unanitazama hivyo? Kipande hiki hakikwanguliki, lazima kikatwe. Nikikiacha, wiki ijayo ukungu umefika stesheni, abiria wanakohoa."

Akauleta. Sauti ya msumeno ilipoanza, alipanda jikoni, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Kila mfupa ulikuwa unamuuma kwa zamu. Jiko lilikuwa lake tena.

Kesho yake Eckart alinyoa, akashuka kabla ya chai. Baadaye sauti ikapanda: "Gerlinde! Plasta mpya imeshika. Machicha!"

Gerlinde aliyamwaga machicha ya asubuhi kwenye sinia. Akaitazama oveni, tupu, imepoa, haina kazi. Akawaza magoti yake, ile meza ya kupita chini yake, na mzee siku atakapokosa la kurekebisha kule chini. Akashusha pumzi ndefu.

Akaliweka sinia juu ya hita.