Saa ya Meli

Makena alimwambia mgeni wake ukweli tangu mwanzo, na ukweli huo huo ndio uliokuja kumkaba koo.

Miezi miwili kabla ya siku ile, mwanamke wa Norwei aitwaye Ingrid alimwandikia kwenye simu. "Meli yetu ya watalii itakaa Mombasa siku mbili. Wana safari yao ya ndege kuja huko Isiolo kuona wanyama. Nije na wao, au nije kwako?"

Mwongozaji mwingine wa watalii angejibu mbio: njoo kwangu, karibu sana. Makena alikaa na lile swali usiku kucha. Kazi hii aliisomea jioni, miaka miwili, mwanawe Kajuju amemlalia mapajani huku yeye akinakili majina ya ndege wa mtoni, na mwalimu wao alizoea kusema kwamba mgeni aliyedanganywa hurudi kwao na mdomo mrefu. Basi akaandika: "Wao wakichelewa, meli inawangoja, kwa sababu majina yao yako kwenye orodha. Ukichelewa na mimi, meli inaondoka." Halafu, kwa kuwa kazi pia aliihitaji, akaongeza: "Lakini wao watakuonyesha twiga. Wewe unataka kuona nini?"

Jibu lilikuja asubuhi. "Nataka kumwona Gumato."

Miaka hamsini nyuma Ingrid alikuwa mkunga hapa Isiolo, msichana wa miaka ishirini na minne, na Gumato alikuwa binti wa Kiborana aliyemchemshia maji na kumtafsiria uchungu wa akina mama. Waliandikiana barua mbili, kisha kimya. Makena alimtafuta Gumato Ijumaa tatu mfululizo, akiuliza misikitini, sokoni, mpaka kwa wauza maziwa ya ngamia. Alizunguka kwa teksi ya Mako, na Ijumaa ya tatu Mako akazima gari katikati ya barabara.

"Dada, huyu Gumato unayemtafuta, alifanya kazi na mzungu wa kuzalisha watoto?"

"Huyo huyo!"

"Huyo si ni nyanya yangu! Wiki tatu unanilipa nikuzungushe, na mimi chakula yake nakula kila siku!"

Hivyo ndivyo walivyojikuta, siku yenyewe ilipofika, katika chumba cha Gumato kule mtaa wa Chechelesi: vikongwe wawili mkekani wameshikana mikono, Mako mlangoni akitafsiri pale Kiswahili kilipokwama, na Makena kando, simu mkononi. Hesabu yake ilikuwa sawa. Rubani Kang'ethe, aliyemleta Ingrid alfajiri kwa kidege chake, alikuwa amepeleka miraa Wajir, naye angerudi kumchukua saa kumi. Mombasa wangetua saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Kutoka uwanjani hadi bandarini, weka saa nzima kwa msongamano. Mlango wa meli, karatasi aliyopewa Ingrid melini ilisema, unafungwa saa moja unusu. Nafasi ilikuwa tele.

Gumato alianza kukaanga buna. Kahawa yenyewe hukaangwa nzima nzima ndani ya samli, na wenye nyumba husubiri mpaka mbegu zipasuke, ndipo dua huombwa na kila mtu akapewa chache za kutafuna. Harufu yake ilijaa chumba. Ingrid alifumba macho akavuta pumzi.

"Hii harufu," akasema kwa Kiswahili chake cha zamani, "mimi nilikuwa naota." Kisha akatazama saa ya mkononi. "Bado robo saa Arne atakunywa dawa. Dawa ya saa tisa."

Arne alikuwa mumewe. Alibaki melini na muuguzi, kwa sababu siku hizi alisahau mambo: alisahau chumba, alisahau meli inakwenda wapi, wakati mwingine jina lake mwenyewe. Mke tu hakumsahau. Jioni asipomwona mkewe, Ingrid alikuwa amesema asubuhi kwenye gari, huzunguka akigonga milango ya watu na kumwita kama mtoto aliyepotezana na mamake sokoni.

Makena alitazama simu yake. Saa nane kasorobo.

"Mama, hiyo saa yako inakimbia?"

"Hapana. Ni ya meli. Tangu Ushelisheli hatukuirudisha nyuma. Kapteni alisema tuache hivyo hivyo mpaka Madagaska."

Makena akamsogelea. "Na hiyo karatasi? Saa moja unusu ya mlango ni saa ya wapi?"

Ingrid akafungua karatasi, akaishika mbali na macho, akaisoma mara mbili. Rangi ikamtoka usoni. "Ya meli," akanong'ona.

Saa moja unusu ya meli ni saa kumi na mbili unusu ya Kenya. Kang'ethe akiruka saa kumi, Ingrid angefika bandarini dakika kumi baada ya mlango kufungwa, na hiyo ni kama mji wa Mombasa utakuwa mtulivu kama kanisa siku ya Jumatatu. Bandari iliyofuata ilikuwa Madagaska, siku tatu mbele. Siku tatu Arne akigonga milango.

Makena alitoka uani akapiga simu. Kang'ethe hakupatikana, alikuwa hewani, au kule ambako mtandao hushika ukipenda. Basi ikabaki namba moja, ambayo hakuwahi kutamani kuipiga.

"Mama Kajuju!" sauti ya Wambugu ilimjibu kwa furaha ya mtu anayejua anatafutwa. Wambugu ndiye aliyesimamia safari za meli hapa Isiolo. Zamani aliuza misumari na mabati mjini. Sasa alivaa shati lenye nembo, na kila msimu alimwambia Makena aache kusimama uwanja wa ndege na kibao chake cha kungojea wageni, aje aandikwe kazi.

"Mzee Wambugu, ndege yenu inaruka saa ngapi?"

"Saa tisa kamili. Kwani?"

"Kuna nafasi?"

"Iko moja. Mgeni mmoja aliharisha, akabaki melini. Lakini orodha naituma saa nane unusu. Ikishaenda, imeenda. Baada ya hapo hata Gavana aje, simwongezi."

Makena alirudi ndani akiwa amebeba mkoba wa Ingrid. "Twende. Sasa hivi."

Mako akatafsiri. Gumato hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. Alisema maneno machache, makavu.

"Anasema buna haijapasuka," Mako akasema, akikuna shingo. "Mgeni akiondoka kabla haijapasuka, ni kama amekata dua katikati. Anasema pia, hiyo meli ni ng'ombe ya nani, haiwezi kungojea mtu?"

"Mwambie Ako Gumato, nyanya yako, naomba radhi. Mwambie ni mume wake."

Mako akasema. Mkongwe akamtazama Ingrid, Ingrid akaitikia kwa kichwa polepole, machozi yakimlenga, lakini hakusimama.

"Mama Ingrid, tafadhali."

"Mimi nilikata hii mara moja," Ingrid akasema. "Mwaka ule naondoka, gari ilikuwa inapiga honi. Sitakata tena."

Wakangoja. Makena alisimama mlangoni, jua limemwangukia kisogoni, akizitazama mbegu zile kama mtu anayetazama maziwa motoni. Saa nane kasoro dakika kumi. Kasoro saba. Samli iliimba peke yake. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka sauti ya mamake huko Meru: nyumba ya watu haiharakishwi. Kasoro tano mbegu ya kwanza ikapasuka, tak, kisha nyingine, kisha zote kwa pamoja kama mvua kwenye bati. Gumato aliinua mikono, akaomba dua fupi kuliko zote alizowahi kuomba maishani, na mwisho wake hata Makena Mkristo akasema amina kwa sauti. Akamtilia Ingrid mbegu tatu kiganjani. Halafu akafunga nyingine kwenye kona ya leso na kuzisokomeza mkobani.

"Za mzee," Mako akatafsiri. "Aliyekosekana ana fungu lake."

Wakakimbia.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada wa mifugo. Pale karibu na barabara kuu walikuta mbuzi, mia mbili au zaidi, wametanda lami nzima kama mali ya serikali.

"Piga honi, Mako!"

"Nikipiga honi watatawanyika, dada, hapo ndiyo tutalala." Mako akateremsha kioo, akamwita mchungaji kwa Kiborana, wakasalimiana kwa urefu, hali ya nyumbani, hali ya malisho, hali ya mvua, huku Makena akiuma kidole mpaka kikaacha alama. Kisha mchungaji akapiga mluzi mmoja, mbuzi wakagawanyika kushoto na kulia, na gari likapita katikati.

"Salamu kwanza," Mako akasema, akikanyaga mafuta. "Honi ni ya watu wa Nairobi."

Walifika uwanja wa ndege saa nane na dakika ishirini na nne. Wambugu alikuwa ameketi kivulini, tableti mapajani.

"Ehe! Leo umekuja kutuletea wageni, si kutuibia?"

"Mzee, mwandike. Ingrid, chumba mia nne na kumi na mbili."

"Pole pole, Mama Kajuju." Akageuza tableti ili amwonyeshe. "Siwezi kuongeza jina bila sababu. Ona, hapa. Na sababu yenyewe iwe ya maana."

"Kosa langu," Ingrid akawahi. "Saa yangu. Andika hivyo."

Wambugu akamtikisia kichwa kwa heshima. "Shosho, kosa likiwa la abiria, ofisi inasema alijitoa, ajirudishe. Watalikata jina." Akamgeukia Makena, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Kosa likiwa la mwongozaji wa nje, hapo wanakubali. Lakini ujue, hizi fomu zinasomwa kule melini. Wageni wanakusanywa ukumbini wanaambiwa kwa nini wasitoke kivyao, na mifano inatolewa."

"Na majina?"

"Na majina."

Saa nane na dakika ishirini na sita.

Jina ndilo lililokuwa duka lake Makena. Hakuwa na gari, hakuwa na ofisi. Alikuwa na kibao cha mbao, ukurasa wake kwenye simu, na watu kumi na mmoja walioandika kwamba huyu mama haongopi. Kila meli iliyokuja ilibeba watu elfu mbili. Alimwona akilini Kajuju wake, miaka mitatu, akimngoja kwa jirani yao Fosia. Alimwona pia mzee asiyemjua, amesimama mbele ya mlango wa chumba cha watu, ameinua mkono kugonga.

"Nipe," akasema.

"Hapana, Makena," Ingrid akamshika mkono. "Si kweli. Mimi ndiye nilivaa hii saa."

"Mama, ulivaa, lakini kazi ya kukuuliza ilikuwa yangu. Nilikuuliza viatu, nikakuuliza dawa, nikakuuliza kama unakula nyama ya ngamia. Saa sikuuliza."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, asikosee herufi: *Sikumuuliza mgeni saa yake ni ya wapi, nikapanga safari kwa saa ya Kenya. Makena Gikunda, Isiolo.*

Wambugu akasoma. Akasoma tena. "Ungeandika tu 'alichelewa'. Hata jina moja lingetosha."

"Si umesema sababu iwe ya maana?"

Akabonyeza kitufe cha kutuma. Saa nane na dakika ishirini na tisa orodha ikaenda.

Ingrid alimkumbatia, na kwenye shati la Makena ikabaki harufu ya samli.

Kidege cha Kang'ethe kilitua kutoka Wajir saa kumi na robo. Makena alikiona kikipita juu ya paa za mtaa wa Wabera akiwa njiani kumchukua mtoto, akahesabu bila kutaka: saa moja na dakika arobaini, weka saa nyingine ya barabara. Akaacha kuhesabu.

"Umekula?" Fosia akamuuliza mlangoni.

"Sijui."

"Basi hujala. Ingia. Huyu mtoto wako ameniuliza mara ishirini mama anarudi saa ngapi. Nimechoka kumdanganya."

Saa kumi na mbili unusu ilimkuta mkekani kwa Fosia, Kajuju amemlalia kifuani, simu imelazwa kifudifudi kwa sababu hakuweza kuitazama. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, Fosia akainuka kwenda kuswali. Makena naye akasali, kwa njia yake, bila maneno mengi.

Simu ikatetemeka saa moja na dakika tano.

*Niko ndani. Mlango ulifungwa kwa saa ya meli, bila kungoja mtu. Arne alikuwa amesimama hapo hapo kwenye ngazi na muuguzi. Nimempa buna. Ametafuna moja akaniuliza, Gumato ni nani? Makena, nimekuwa nikimweleza tangu nifike, na bado anauliza.*

Aliisoma mpaka kioo kikajizima. Kajuju akafungua jicho moja.

"Mama, unalia?"

"Hapana. Lala."

Fomu ile ingesomwa, kesho au keshokutwa, mbele ya watu asiowajua. Hilo halikuwa na dawa. Akavuta mkoba, akatoa daftari lake la masomo ya jioni, lile lenye orodha ya maswali ya kumuuliza mgeni: viatu, dawa, chakula, miguu inauma? Juu ya yote palikuwa na nafasi ndogo aliyoiacha zamani kwa ajili ya pambo. Akaandika hapo, kwa wino mweusi, kabla ya swali la kwanza:

*Saa uliyovaa ni ya nani?*