Mstari wa Mwisho wa Alamelu

Ijumaa saa kumi alasiri, Nansubuga alikuwa amekwisha kupanga vikombe mia mbili vya chai katika shule moja ya ngoma huko Ghubra, Oman, na wafu walikuwa wameanza kufika. Walikuja kwa basi kutoka Ruwi, wamevaa nguo walizochomwa nazo siku ya mazishi yao, zimepigwa pasi vizuri. Walikuwa walimu wa muziki na ngoma za Uhindi ya Kusini, wale ambao sifa zao hazikuvuka mtaa, waliofundisha watoto wa watu katika sebule za kupanga. Shughuli yenyewe ilikuwa ya kuwakumbuka wao. Mlangoni alikaa Mzee Majid, mstaafu wa serikali aliyezaliwa Unguja, akiwauliza majina na kuyatafuta kwenye orodha.

Orodha ilikuwa na majina kumi na manne. Wafu walikuwa sitini na kitu. Wasiokuwemo aliwaelekeza kwenye mabenchi ya koridoni, nao wakaenda, kwa kuwa walikwisha kuzoea.

"Wallahi si roho mbaya, mwanangu," Majid alimwambia Nansubuga. "Miye nna karatasi tu. Asotajwa ndani leo, shughuli ikesha, jina linamtoka mwenyewe. Wale wa benchi la nyuma ni wa mwaka jana. Waulize wanaitwa nani, watatazama viganja vyao."

Nansubuga hakuwauliza. Alikuwa amemwona Mama Alamelu kwenye benchi la mbele, ameshika kile kijiti alichokuwa akigongea kibao kuwapa wachezaji mapigo. Nansubuga alimtumikia miaka tisa katika fleti ya Ruwi, mpaka alipofariki Ramadhani iliyopita. Alamelu aliwahi kuishi Nairobi ujanani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza walisemezana Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho walipikiana, waligombana na kuuguzana.

"Karibu, mama. Umekula?"

"Siku hizi sili," alisema Alamelu. "Nansubuga, asubuhi jina langu nilikuwa nalo lote. Sasa inabidi nilitafute kidogo."

Kutokuwemo orodhani lilikuwa kosa lake mwenyewe, ikiwa adabu ni kosa. Kwa watu wake, kama ilivyo kwa washairi wa Kiswahili, mtunzi hujitaja katika mstari wa mwisho wa wimbo. Alamelu alitunga nyimbo arubaini na moja za kuchezewa, na kila alipofika mstari wa mwisho aliona haya. Akaweka jina la mwalimu wake, Somanathan. Nansubuga alikuwapo jikoni zilipokuwa zikitungwa. Alizijua zote, na alijua kuwa mzee Somanathan alifariki kabla hata moja haijazaliwa.

Padmaja naye alijua. Alikuwa mwanafunzi wa Alamelu tangu utotoni, na sasa shule ilikuwa yake, shughuli ilikuwa yake, na Nansubuga alikuwa mtumishi wake. Vibali vyake vya kukaa Oman vilikuwa kwenye droo ya Padmaja. Jumatatu Nansubuga alimwomba jina la Mama liongezwe. Padmaja alijibu kwa upole kwamba orodha hufuata mstari wa mwisho wa wimbo, ndiyo mila, na kwamba kama Mwalimu angetaka kutajwa angejitaja. Isitoshe, programu ilikwisha kuchapishwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema habari za aliyefundisha wengine kucheza.

"Nilipokuwa hai niliona haya," Alamelu alisema pale koridoni. "Wafu hawaoni haya, mwanangu. Nenda ukanitaje."

"Watanirudisha Kampala, mama. Watoto wangu bado wako shule."

"Najua," alisema Alamelu, na hakuomba tena.

Ndani, Somanathan alikuwa amekalishwa mstari wa mbele na shada la asumini shingoni. Zilichezwa nyimbo tatu, zote za Alamelu. Kila wimbo ulipofika jina la Somanathan, mzee aliinua mkono kusema kwamba ule haukuwa wake. Watu walidhani anawapungia, nao wakampungia. Kisha Padmaja akasoma majina kumi na manne, taratibu, kwa sauti nzuri, na baada ya la mwisho akasema "na wengineo". Koridoni, wote walisimama waliposikia neno hilo, halafu wakakaa.

Nansubuga aliweka sinia chini. Alipanda jukwaani na kushika kipaza sauti. Alikuwa na sentensi nzima ya Kiingereza, ameifanyia mazoezi wiki nzima akipiga deki. Sentensi ikamkimbia. Lilitoka jina peke yake.

"Alamelu," alisema. Akarudia, "Alamelu."

Padmaja alimtazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa kama wa mtoto aliyekosea hatua mbele ya kijiti cha mwalimu. Kisha akatabasamu, akamshika Nansubuga bega, akauambia ukumbi kwamba huyu ndiye Alamelu, msichana wao wa chai, aliyesimama tangu asubuhi kuwahudumia, na tafadhali wampigie makofi. Walimpigia kwa muda mrefu, kwa moyo safi. Mstari wa mbele, Somanathan alivua shada akalishika mapajani.

Nansubuga alitoka na sinia tupu. Majid alikuwa anakunja orodha. Wafu wa koridoni walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kuwahi basi, na mlangoni kila mmoja alitazama viganja vyake kidogo, kama mtu aliyesahau funguo. Alamelu alikuwa bado kwenye benchi. Kijiti kilikuwa sakafuni, naye hakukiokota.

"Mama," alisema Nansubuga. "Nimelitaja."

Bibi alimtazama kwa wema, vile mtu anavyomtazama mgeni mwenye adabu.

"Nimesikia makofi mpaka huku," alisema. "Hongera, Alamelu. Njoo ukae, umesimama kutwa nzima."

Akamsogezea nafasi, na Nansubuga akakaa.