Mkwe Hapandi Kilima Kama Mtalii

Mzee Farid wa mtaa wa Shela, pale Malindi, alikuwa na maradhi ambayo hakuna tabibu aliyeyapatia dawa: hakuweza kutulia. Ujanani alikuwa utingo wa malori. Alilala Moyale juu ya magunia ya chumvi, akala ugali wa muhogo Kigoma, akafukuzwa na nyuki njia ya Kitui, na kote huko alirudi na jambo la kusimulia. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, lakini hamu haikugoma. Basi kila mwaka, masika yakishapungua, huwakusanya majirani barazani kwake wakapanga matembezi, na yeye ndiye mwenyekiti, ndiye mjuzi wa njia, ndiye msemaji. Mwaka huu alikuwa amechagua Wundanyi.

"Voi nimepita hata sihesabu," aliwaambia jioni ile. "Kila nikipita naiona ile milima ya Taita mkono wa kushoto, imejitanda kama moshi wa ubani. Lakini dereva wangu alikuwa mtu mmoja hasimami ila pa kula. Namwambia, tupande basi tuone. Aniambia, mzigo hauna macho, twende. Mwaka huu, inshallah, mzigo utakuwa na macho."

Watu wakacheka. Njoroge, mwenye duka la misumari na mabati, ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta gari. Akauliza, "Sasa Mzee, tukifika huko tutaona nini? Watu wasiseme tumewapeleka kuangalia kabichi."

"Na kabichi pia si za kudharau! Ya hapa kwetu imezidiwa na kitunguu. Hebu sikiliza. Siku ya kwanza twapanda. Njia yenyewe ni kona juu ya kona, mwenye tumbo jepesi achukue ndimu. Twalala gesti pale mjini. Asubuhi yake, msitu wa Ngangao. Kuna ndege mle, ukiwatafuta pengine duniani huwapati. Adhuhuri twateremka kwenye maporomoko ya maji. Halafu jioni..." Akashusha sauti, maana alijua wapi pa kushusha sauti. "Jioni, mapango ya mafuvu."

"Mafuvu ya nini?" akauliza Nduku, muuza mboga wa sokoni.

"Ya watu, Nduku. Wataita wa zamani wakimzika mzee wao, ikipita miaka humfukua, wakachukua fuvu wakalipanga pangoni pamoja na wenzake. Yako hadi leo, mstari mmoja, yakutazama. Tutapiga picha pale, kila mtu na fuvu lake."

"Mimi langu ninalo tayari," akasema Nduku. "Hilo la pili nilipeleke wapi?"

Baraza likaangua kicheko. Na muda wote huo mkazamwana wa Mzee Farid alikuwa akizunguka na dele, akiwamiminia kahawa.

Jina lake Wakesho, na kwao ni huko huko Wundanyi. Taib, mtoto wa pekee wa Mzee Farid, alimpatia chuoni Mombasa. Alisilimu akaitwa Zuhura, lakini jina la Wakesho lilikuwa limeshamganda, na Mzee Farid ndiye aliyelishikilia zaidi. Taib kazi yake ilikuwa Lamu, akija nyumbani mara moja moja. Aliyebaki na wazee ni huyu binti na mwanawe mdogo. Ndiye aliyeijua kahawa ya Mzee, tangawizi nyingi na sukari hakuna. Ndiye aliyemsikiliza hadithi zake mpaka mwisho, hata zile ambazo Bi Saleha, mkewe, huzikata kati kwa kusema, "Na nyuki wakakufukuza, tumeshasikia." Mzee Farid hakujaaliwa binti wa kuzaa. Huyu alimpata uzeeni, naye alimshika kwa mikono miwili.

Wakesho alimimina kikombe cha mwisho, kisha akasema kwa adabu, macho chini, "Baba, nina swali."

"Uliza, mwanangu."

"Nikileta wageni kutoka kwetu waje kuitembea Malindi. Siku ya pili, jioni, niwapeleke makaburini kwa Babu Omari? Wapige picha, kila mtu na jiwe lake?"

Babu Omari alikuwa baba mzazi wa Mzee Farid.

Hakuna aliyecheka. Njoroge alikitazama kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu ndani. Wakesho akasema, "Sikusema kwa ubaya, Baba," akachukua dele lake akaingia ndani.

Watu walipotawanyika, Bi Saleha alitoka akaketi pale alipokuwa Nduku. Hakuwa mtu wa kuzunguka na maneno.

"Baba Taib, wamkumbuka yule Mzungu aliyekupiga picha ukitia udhu?"

"Aliyesimama pale bombani? Namkumbuka sana."

"Wiki nzima hukula vizuri. Ukasema, mimi ni nyani? Ukasema, angalau angetoa salamu."

Mzee Farid akajitia kukusanya vikombe.

"Sasa wewe umekodi gari zima la watu wenda kwa wazee wa mkazamwana wako, na salamu hukutoa. Tena kwenda kulala gesti! Mkwe anakwenda kwa mkwe, aipita nyumba yake, alala gesti! Mkweo Mzee Mwakio amekuja hapa mara mbili na magunia ya maharagwe, na mkewe na ndizi. Wewe umewahi kumpandia?"

"Si ndo napanda?"

"Wapanda kama mtalii. Na yeye binti, ulimwuliza kama ataka kuja?"

"Gari limejaa," akasema Mzee Farid, na papo hapo akatamani ayarudishe maneno kinywani. Maana kweli gari lilikuwa limejaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelijaza, akamweka Nduku, akamweka shemeji yake Nduku, akamweka fundi baiskeli wa Barani, na haikumpitikia akilini hata kidogo kwamba mwenye mji wenyewe alikuwa pale pale, ameshika dele.

Kesho yake kahawa ilikuja vilevile, tangawizi vilevile. Lakini Wakesho aliiweka akaenda zake. Mzee Farid alianza kisa cha mamba wa mto Tana, akajikuta amsimulia paka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Hakununiwa, angenuniwa angejua la kufanya. Aliamkiwa shikamoo, alipakuliwa vizuri, aliitwa Baba. Ila ule ukaribu haukuwapo, kama nyumba iliyofungwa dirisha moja tu na joto likajaa kote. Akaogopa. Alimwona mwanamke huyu akizoea kumheshimu badala ya kumpenda, na hilo likizoeleka halitoki.

"Mpigie simu mkweo," akasema Bi Saleha. "Ukishaweka sawa kule juu, ndipo uje uweke sawa huku chini."

Mzee Farid, aliyewahi kubishana na askari wa mipaka mitatu, aliishika simu mkononi kama ameshika kaa. Mwishowe akapiga. Wazee hawa walikuwa na utani wao wa siku zote.

"Hodi huko juu!"

"Karibu, watu wa huko chini!" Sauti ya Mzee Mwakio ilikuja na mlio wa ng'ombe nyuma yake. "Habari ya joto?"

"Latuchemsha. Habari ya baridi?"

"Inatukausha."

Wakaulizana hali ya wake, ya mifugo, ya mvua, ya magoti. Salamu zikafika mwisho. Mzee Mwakio ndiye aliyeanza.

"Nasikia mna safari."

"Umesikia kwa nani?"

"Kijana wa gesti ni mpwa wangu. Alikuja hapa akaniambia, mjomba, kuna watu wa Malindi wanakuja kuona mafuvu, mkubwa wao anaitwa Farid. Nikamwambia, akina Farid wa Malindi ni wengi kama dagaa. Huyo atakuwa mwingine. Wangu mimi angepiga simu."

Mzee Farid akahisi masikio yakimwaka. "Ni mimi, mkwe. Na ndo sasa napiga."

"Umepiga, nimekusikia. Basi mimi nina swali moja tu. Mwanangu yuko gari gani?"

Hapo Mzee Farid angeweza kusema kweli: gari limejaa, Wakesho hayumo, tumemwachia nyumba na kuku. Ndivyo angesema mtu mzito. Lakini ulimi wa utingo ni mwepesi, umezoea kujibu kabla ya kufikiri.

"Mwanao? Mwanao ndiye atuongozaye! Mimi nimebeba mkoba tu."

"Unasema kweli?"

"Wallahi, mkwe."

Akasikia simu imewekwa kando, na Mzee Mwakio apaza sauti kwa lugha ya kwao. Kisha kukaja kigelegele chembamba, cha mkewe aliyekuja mbio huku akipiga. Mzee Mwakio aliporudi sauti yake ilikuwa imelegea.

"Umetufurahisha, mkwe. Wale wa pangoni, sisi sasa ni watu wa kanisa, tunazika kama watu wote. Lakini ni wazee wetu. Mwanangu atakujulisha kwao. Hapo hutakuwa umekwenda kutazama, utakuwa umekwenda kujulishwa."

Simu ikakatika. Mzee Farid akabaki na kiapo mkononi. Bi Saleha, aliyesikia kila kitu, alijifunga leso vizuri akasema, "Umeapa. Na mwenyewe hajui. Nenda."

Wakesho alikuwa jikoni, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Alipomwona Mzee mlangoni akasita.

"Baba jikoni? Kuna nini?"

"Nimempigia babako simu."

"Ehe."

"Nimemwambia wewe ndiye utuongozaye."

Wakesho alikuna mara mbili tatu, nazi ikianguka kwenye sinia. "Umemwambia baba. Na mimi nani kaniambia?"

"Ndo nimekuja kukuambia." Akajikwaa, akarekebisha. "Nimekuja kukuomba."

"Na mama kule juu ameshajua?"

"Amepiga kigelegele."

Hapo Wakesho akaiacha nazi. Akajifuta macho kwa kifundo cha mkono, kwa kuwa viganja vilikuwa vimejaa nazi. "Baba, sijapanda kwetu tangu nimejifungua. Nilipowasikia mwapanga, nikafurahi. Nikasema leo wataniuliza. Ikapita. Nikasema kesho. Mkafika kwenye msitu, mkafika kwenye maji, mimi namimina kahawa nangoja. Mkafika mpaka kwa mababu zangu, na bado nangoja."

"Si ungesema, mwanangu? Ungesema neno moja tu!"

"Mtu hujialika kwao, Baba?"

Mzee Farid aliingia ndani. Alivuta kigoda akakikalia, magoti yakilia, akachukua kifuu kitupu akakigeuzageuza.

"Nimezunguka nchi nyingi," akasema. "Kila mahali nilifika nikaona, nikaondoka. Sikuwahi kufika mahali kama mtu wa mtu. Sijui hufikwa vipi. Nifundishe. Mimi sipangi tena, panga wewe. Ukisema mapangoni tusiende, hatuendi."

Wakesho akafikiri. Mzee akamwona uso wake unaanza kufunguka, kidogo kidogo, na hakuthubutu kukohoa.

"Tutakwenda," akasema. "Lakini simu zitabaki nyumbani kwa mama. Na ukifika utataja jina lako, na jina la Babu Omari, na useme wewe ni baba yake Taib. Wajue aliyeingia ni nani."

"Nitasema."

"Kwa sauti, Baba. Si kwa mbwembwe."

"Mbwembwe ndo zenyewe sauti yangu!"

Akacheka. Wakesho akacheka kweli, kicheko kile cha zamani, na Mzee Farid akahisi dirisha limefunguliwa.

Jioni Njoroge alikuja kuuliza habari ya gari. Mzee Farid akafungua kinywa, lakini Wakesho alikuwa ameshatoka mlangoni.

"Bwana Njoroge, hilo gari ni dogo. Tafuta kubwa, sisi wa nyumbani tu watatu na mtoto. Gesti mlale nyinyi. Hawa wazee wanalala kwa baba. Kila mtu sweta mbili, si moja, na viatu vya kufunga, si ndara. Na Ngangao hatwendi jua likishapanda, ndege huwa wamenyamaza. Twaenda alfajiri."

Njoroge akamgeukia Mzee. "Sasa mwenyekiti ni nani?"

"Huyo uliyesimama mbele yake," akasema Mzee Farid. "Mimi ni mbeba mkoba."

"Na mafuvu? Watu wamengoja hayo mafuvu."

"Kuna pango la wageni, mtapelekwa na mpwa wetu," akasema Wakesho. "Kwetu wanaingia wa kwetu."

"Basi hiyo maneno imeisha," akasema Njoroge, akaondoka akitikisa kichwa, lakini Bi Saleha alimwona akitabasamu.

Usiku haukuwa umeingia vizuri, Wakesho alimpigia mama yake akiwa uani. Alizungumza Kitaita kwa kasi, mkono mmoja ukichora vilima hewani, mtoto amemshika gauni. Mzee Farid na mkewe walisikiliza bila kuelewa kitu. Lilipita jina la Malindi. Lilipita la Farid, na mara kicheko kikalipuka pande zote mbili.

"Wanicheka?" Mzee akauliza.

"Wakucheka," akasema Bi Saleha. "Tulia uchekwe."

Wakesho akaziba simu kwa kiganja. "Baba, Mama auliza kama wala kimanga."

"Mwambie nala."

"Lakini hujui hata ni nini kilichopondwa humo!"

"Mwambie nala, mwanangu. Mwambie nala sana."