Vipimo vya Penseli

"Simama wima, mwanangu," fundi alisema, akauzungusha utepe kifuani pa msichana wa kidato cha tatu ambaye wenzake walimwita Penseli.

Sentimita sabini na mbili. Akalegeza utepe, akapima upya. Sabini na mbili. Ndiyo namba aliyoiandika muhula uliopita, na uliotangulia, na mwaka juzi. Kila sare aliyoishonea shule hiyo ya bweni aliiachia upindo mpana, kwa kuwa wasichana hukua kabla kitambaa hakijafifia. Upindo wa Penseli haukuwahi kufumuliwa.

"Fundi, niwekee sponji kidogo," msichana alinong'ona. "Kila siku wananiuliza kama nimechongwa tena."

Fundi akamuuliza kwa sauti ya chini kama ameanza kuona siku zake. Bado, na alikuwa ametimiza miaka kumi na sita.

"Sponji siweki. Nitamwambia matroni akupeleke kwa daktari."

"Ukisema, sikanyagi tena humu."

Kwa miaka ishirini fundi hakuwahi kumtajia mtu kipimo cha mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kazi yake. Lakini swali lilimkaa rohoni: nani huuamuru mwili ukue, na kwa nini huyu hakuamriwa? Akamwambia matroni. Mama mzazi akapigiwa simu, akaridhia, na kesho yake wakaenda watatu, fundi, matroni na Penseli, daftari la vipimo likiwa kwapani mwa fundi.

Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akakiri kwamba wazazi wengi humjia mikono mitupu, bila kumbukumbu yoyote ya ukuaji wa mtoto. Majibu ya damu yalipotoka, akawaeleza kwamba chini ya ubongo kuna kitezi kisichozidi punje ya njegere. Hutuma homoni ndani ya damu ziende kuziamsha ovari, nazo ovari hutoa homoni zao, zile zinazokuza matiti na kuleta hedhi. Cha Penseli kilikuwa kimechelewa kutuma. Angempa vidonge vya homoni, dozi ndogo, kisha wangesubiri dalili kwamba mwili umeamka: matiti, hedhi, hata chunusi.

"Njegere ndiyo inayotoa amri?" fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Na yenyewe inaamshwa na nani?"

Daktari akacheka. "Na sehemu nyingine ya ubongo. Hiyo nayo inaamshwa na nini, mama, bado tunaulizana."

Kwa miezi minne Penseli alipita mbele ya chumba cha kushonea akitazama ukuta.

Asubuhi moja akaingia bila hodi, akasimama dirishani penye mwanga, akainua uso. Katikati ya paji palikuwa na chunusi, moja tu, nyekundu, imeiva.

"Usiiguse, Fundi," alisema. "Itazame tu."

Fundi akavaa miwani, akasogea.